Makopo Manne ya Gumegume

Mwaka 1972, nikiwa na miaka kumi na miwili, baba yangu alivunjika mgongo katika shamba la mkonge chini ya milima ya Taita, na kuanzia siku hiyo mwanamume wa nyumba nikawa mimi. Nilikuwa darasa la tatu. Mwalimu alikuja mara moja kuniulizia, akanikuta mistarini nakata mkonge, akageuka akaenda zake. Simlaumu. Ninachokijua nimejifunza kwa macho na mikono, na sitaki anayesoma hapa anionee huruma. Kutoka mkongeni nikawa utingo wa lori, kutoka utingo nikawa dereva, na kwa udereva nimelisha watu kumi na mmoja.

Doha nilifika mwaka 2003. Ofisi yetu ilikuwa chumba kimoja nyuma ya maduka ya Al Sadd, kampuni ya kukodisha magari pamoja na madereva wake. Meneja, ambaye sote tulimwita Mudir, alikuwa Mhindi wa Kerala mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Siku ya kwanza alinitazama kuanzia viatu.

"Baba, una miaka mingapi?"

"Arobaini na mitatu."

"Mimi niliagiza kijana."

"Na vijana uliokuwa nao wako wapi?"

Akacheka kidogo. "Wawili wako karakana, pamoja na magari yao."

Mchana huo alinitoa nje ya mji kunipima. Kabla ya kuingia mchangani nilisimama, nikapunguza upepo wa matairi hadi nusu, ili tairi lilale pana kama unyayo wa ngamia. Akaridhika. Halafu tukafika mahali peupe, pakavu, pamelala kama sakafu, nami nikakanyaga mafuta. Akanishika mkono.

"Simama. Hiyo ni sabkha. Juu chumvi, chini tope. Kwenu tope ni jeusi, linajitangaza. Hapa tope limevaa kanzu nyeupe."

Tukazunguka. Miaka kumi na mitano niliyofanya kazi kule sikuzamisha gari hata mara moja, na hilo naliandika kwa kujivuna.

Siku za kazi nilibeba wahandisi na wahasibu. Mwisho wa juma nilibeba wageni waliotaka kuona mambo ya kale huko mashambani na jangwani: michoro iliyochongwa kwenye miamba ya pwani ya kaskazini, makaburi ya watu walioishi kabla ya vitabu vyote, vijiji vilivyobaki misingi mitupu. Wazungu wengi walikuwa wamezoea magofu ya Warumi, yale ya nguzo ndefu na viwanja vya mawe. Nikiwashusha mbele ya rundo la mawe lisilofika kiunoni, wanauliza, "Ndiyo hii?" Dereva asiyejua kitu hapo huegemea gari akasinzia. Mimi nilikataa kuwa dereva wa namna hiyo. Nilisikiliza waliojua, nikashika, nikawaeleza wengine. Baada ya miaka mitatu watu walikuwa wanampigia Mudir simu: tupe yule mzee wa Kenya.

Mwaka 2008 alikuja mwanamke mmoja, mkuu wa kikundi cha watafiti wa mambo ya kale. Nitamwita Daktari, kwa sababu ndivyo nilivyomwita. Umri wake ulikuwa miaka hamsini hivi, mwembamba, hacheki ovyo. Ujana wake alikuwa amechimba Turkana, kwa hiyo Kiswahili alikuwa nacho, cha kuvunjikavunjika lakini kinachofika. Alinikodi na gari langu kila majira ya baridi, miaka mitatu mfululizo.

Kazi yao, kinyume na watu wanavyodhani, ilikuwa kutembea kuliko kuchimba. Watu watano hujipanga mstari mmoja, hatua tano baina ya mtu na mtu, wakaenda polepole macho chini. Wanatafuta gumegume, jiwe gumu ambalo watu wa kale walilipasua kupata visu na ncha za mishale. Jiwe mama huitwa kiini. Vipande vinavyoruka likigongwa huitwa vibanzi. Wakiona kitu huchomeka kibendera chekundu, na baadaye hupita wakiokota na kutia mifukoni. Mimi nilikuwa mbali, kwenye magari, nachemsha chai. Niliona vibendera, niliona mifuko. Katikati ya hivyo viwili kulikuwa na kazi ambayo sikuiona, au niliiona nikaidharau: kupima kila jiwe liko wapi na limelala vipi, na kuandika. Mimi nilidhani kibendera ni alama ya mahali palipokwisha. Ndivyo tulivyofanya mkongeni. Ukimaliza mstari unachomeka kijiti mwisho wake, mnyapara asije akakurudisha.

Siku moja nilikwenda haja nyuma ya mgunga nikarudi na kibanzi kimoja kiganjani. Daktari akakigeuza juani, akaniambia, "Mzee, hii ni kazi ya mtu. Macho yako yamesoma." Toka hapo kila tuliposimama alikuwa ananigeukia mimi kwanza: "Mzee, unaona nini?" Wakubwa wote niliowatumikia huuliza umefika wapi na mafuta yamebaki kiasi gani. Yeye aliniuliza ninaona nini. Nilinenepa kwa swali lile.

Majira ya baridi ya mwaka 2010, mahali penyewe nilipapata mimi. Ilikuwa rawdha, yaani bonde dogo ambalo maji ya mvua hujikusanya na miti michache huota, bara, mwendo wa saa moja na zaidi kutoka mjini. Pembeni mwa rawdha ile, karibu na mgunga mmoja, ardhi ilikuwa imejaa gumegume. Nilimpeleka Daktari adhuhuri ya Jumatano. Alikaa nusu saa tu, maana alikuwa anasubiriwa kwingine. Alizunguka mara mbili kwa ncha za vidole vya miguu, akachutama, akapiga picha chache, hakugusa kitu. Akarudi garini uso umebadilika.

"Mzee, hapa itapita barabara mpya. Jumapili mhandisi anakuja. Akiona haya mawe palepale chini, barabara itapinda. Asipoona, itapita."

"Ataona," nikamwambia.

Ijumaa ndiyo siku ya mapumziko kule, kwa hiyo ndiyo siku ya ibada hata kwetu Wakristo, kwenye makanisa ya Mesaimeer. Niliketi pale na rafiki yangu Okello, mtu wa Gulu, mlinzi wa hoteli, tuliyekaa naye chumba kimoja mtaa wa Muaither. Mahubiri yanaendelea, mimi nahesabu siku. Daktari alikuwa na wanafunzi wawili tu msimu ule, mmoja anaharisha. Nikawaza: mawe mamia, watu wawili na nusu, asubuhi moja. Hawataweza kuyakusanya yote mhandisi ayaone. Nikawaza pia, na hili ndilo la kweli zaidi, kwamba mtu wa darasa la tatu angefanya kwa siku moja kazi ya watu wa chuo kikuu, na Daktari angeiona.

Tulipotoka kanisani nikamchukua Okello kwa gari. Tulivaa mashati ya ibada. Tulianza saa saba mchana, tukaokota tumeinama kama wapalilia mpunga, hadi jua likawa jekundu. Okello ana mdomo.

"Mzee wangu, watu huenda Ulaya wakaleta saa. Wewe utapeleka kwenu kokoto."

"Okota."

"Naokota. Lakini nakuuliza, hawa watu wako huwa wanaandika-andika kabla hawajaokota. Wewe huandiki?"

"Kuandika ni kazi ya wenye kalamu. Sisi tuna mikono."

Akasogea hatua chache akiokota. "Kwenu Taita si mna yale mapango ya mafuvu ya wazee? Unaweza kwenda ukahamisha moja?"

"Wale ni wazee wetu. Hawa si wa mtu."

"Kila mtu ni wa mtu," Okello akasema, akaendelea kuokota kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa na gari.

Jumamosi, tulipotoka kazini, tuliyaosha kwa sabuni kwenye beseni, tukayasugua kwa mswaki mpaka yakang'aa, nikayapanga kwa ukubwa katika makopo manne ya samli. Viini kopo moja, ncha za mishale kopo moja, vibanzi vikubwa, vibanzi vidogo. Nilipofunika kopo la mwisho nilijisikia kama nimejenga nyumba.

Jumapili asubuhi mhandisi alifika kabla yetu. Alikuwa Msudani mpole mwenye ramani iliyoviringishwa kwapani. Daktari akamsalimia, akatangulia kuelekea pembeni mwa rawdha, anamweleza huku anatembea. Akasimama. Akatazama chini, akatazama mgunga kuhakikisha kwamba ndio ule. Mimi nikafungua mlango wa nyuma wa gari.

"Daktari, usitafute. Yote ninayo hapa. Hata moja halikubaki."

Nilipanga makopo juu ya boneti nikayafunua. Mawe yalikuwa mazuri, nasema kweli. Daktari alichukua kibanzi kimoja. Akauliza kwa sauti ya chini.

"Yalikuwa wapi?"

"Hapa."

"Hapa wapi, Mzee? Hii moja. Ilikuwa wapi?"

Nikaonyesha kwa mkono mzima, kama mtu anayeonyesha shamba.

Mhandisi alichukua ncha ya mshale akaipitisha kidoleni. "Ni nzuri sana, Daktari," akasema. "Lakini makopo naweza kuletewa kutoka popote. Mimi natakiwa kuandika nilichokikuta chini. Chini sioni kitu." Alisikitika, niliona. Akampa siku tatu.

Siku hizo tatu walichimba mashimo madogo. Udongo ulikuwa na kina cha kiganja kimoja, halafu mwamba. Hakukuwa na kitu, yote yalikuwa juu, na ya juu yalikuwa kwangu. Picha alizopiga Daktari ile Jumatano zilikuwa za adhuhuri, jua limefuta vivuli, hujui jiwe ni lipi na mchanga ni upi. Barabara haikupinda.

Jioni ya siku ya tatu Daktari alikuja akaketi karibu na jiko langu la chai. Akanieleza kile alichokiona ile Jumatano, na nitakiandika kama alivyokisema.

"Vibanzi vilikuwa vimeanguka kama nusu duara. Katikati palikuwa wazi, umbo la mtu amekaa amekunja miguu. Hapa goti, hapa goti. Alikaa pale akagonga jiwe lake, vipande vikaruka pande zote, isipokuwa pale alipokaa yeye. Halafu akaondoka, na miaka elfu kadhaa hakuna aliyegusa. Nilimwona, Mzee. Jumatano nilimwona bado amekaa." Akapuliza chai. "Wewe umeokota mawe, na yule mtu ameinuka."

Hapo ndipo mahali pa kusema samahani. Mlango ulikuwa wazi na mtu yuko ndani ananisubiri. Mimi nikasema, "Hukuniambia nisiguse."

Ilikuwa kweli, na ndiyo sababu niliishika. Daktari akaitikia kwa kichwa. "Ndiyo. Sikukuambia. Nilifikiri wewe ni mmoja wetu."

Hakuniondoa kazini. Ripoti ilipokuja kuandikwa, mwanafunzi wake mmoja alinisomea sehemu ile: kikundi kilikosea, kikaokota kabla ya kupima. Jina langu halikuwemo. Mudir hajui hadi leo. Niliendelea kumwendesha miezi miwili iliyobaki, na kila tuliposimama alishuka, akaangalia ardhi mwenyewe, akawaita wanafunzi. Hakuniuliza tena ninaona nini. Nilikuwa naona, na nilikaa na chai yangu.

Okello nilimweleza. Nilitegemea atanicheka. Alisema tu, "Kamwambie, mzee wangu. Neno moja." Nikamwambia ashughulike na lindo lake.

Siku ya kuondoka kwa Daktari, mwaka uliofuata, nilimpeleka uwanja wa ndege. Nilimshushia mizigo, nikaipanga kwenye kitoroli. Alisimama pale, hana haraka, abiria wanampita.

"Mzee Mwakio," akasema, "una neno?"

"Safari njema, Daktari."

Akanipa mkono, akaingia. Hakurudi tena msimu uliofuata wala mwingine wowote. Nilisikia alipata kazi nchi nyingine.

Nilifanya kazi miaka saba baada ya hapo. Barabara ile niliipita mara nyingi, ni nzuri, laini, haina shimo. Madereva wapya walipoletwa kwangu niwafunze, Wanepali, Waganda, vijana wetu wa Kenya, niliwafundisha upepo wa matairi na sabkha, kisha nikawaambia: ukimwona mtu anachomeka kijiti, nenda kamuulize kijiti ni cha nini, hata kama una hakika unajua. Walidhani mzee anazeeka. Mmoja alinijibu, "Baba, mimi naendesha tu." Nilimwelewa.

Wenye elimu wataniambia nisijilaumu, ujinga si dhambi. Ujinga ulinichukua siku chache tu, tangu ile Ijumaa hadi jioni ile ya chai. Siku zilizofuata nilikuwa nimeshaambiwa kila kitu, na nilinyamaza nikiwa najua. Nilijua kusimama mbele ya wakubwa wa kila taifa bila kutetemeka. Kumwambia mwanamke mmoja kwamba nimemkosea kulinishinda.

Nilistaafu mwaka 2018, nikiwa na miaka hamsini na minane. Leo nina nyumba ya matofali ya vyumba vinne karibu na Wundanyi, paa la bati la kijani. Nina ng'ombe wawili, mmoja ana mimba. Shamba la ndizi na kabichi, dogo, lenye maji. Pikipiki anayoendesha mjukuu. Leseni mbili za udereva, ya Qatar imekwisha muda. Goti bovu la kushoto. Na samahani moja ya Daktari, ambayo bado iko kwangu, na anwani yake siijui.