Injini Ambayo Mama Aliweza Kuiwasha

Mwezi wa tatu mwaka huu, siku ya Jumatano, tulimzika baba. Tangu hapo harufu ya petroli iliyochanganywa na oili hunirudisha kwenye karakana moja ya mtaa wa Granville, huku ugenini, walikouza na kujaribu injini kuukuu za boti ndani ya mapipa ya maji. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja, hatujamaliza miaka miwili tangu tutoke kambi ya wakimbizi Tanzania, na mimi ndiye niliyekuwa mkalimani wa nyumba. Baba alikuwa amepata mashua ndogo ya alumini ya kuvulia mtoni siku za mapumziko. Mama hakutaka hata kuisikia. Kwetu Burundi kaka yake alianguka ziwani, na mwenzake aliyebaki mtumbwini akashindwa kuvuta kamba ya injini, akamwangalia akizama. Baba hakubishana naye. Alimwomba tu apitie Granville akitoka kazini kwake, kwenye nyumba ya kutunzia wazee.

Muuzaji aliisifu injini ya nguvu za farasi wanane. Baba akavuta kamba yake, ikanguruma, macho yake yakang'aa, maana kwetu mvuvi alihesabiwa kwa ukubwa wa injini yake. Kisha akaizima, akampisha mama. Mama, bado na sare ya kazi, alivuta mara nne bila kitu. Ya farasi sita nayo ikamshinda. "Baba Imani," akasema, "unanunua injini au unanitafutia ugonjwa wa mgongo?" Ile ya farasi wanne iliwaka mara ya pili. Muuzaji alinieleza kwamba tukipanda wote itakwenda polepole mno. Mimi niliona aibu ya kupitwa na kila mtu, nikamtafsiria baba kwamba ile ndogo ni mbovu. Alikuwa ameelewa zaidi ya nilivyodhani. "Mwambie polepole inatosha. Nataka ile ambayo mama yako atanifuata nayo nikianguka."

Boti zote zilitupita, miaka yote, na baba hakuanguka hata mara moja. Sasa nina nyumba yangu, na bado sijaona mtu akiacha kimyakimya namna ile kitu anachokitamani.

Jumamosi iliyopita Mkongo mmoja kutoka Bankstown alikuja kuinunua mashua na injini yake. Alikuwa ameshika kamba ya injini tayari mama alipomwuliza kama ana mke. Akasema yuko kwenye gari.

"Mwite, mwanangu. Avute yeye kwanza."

Mkewe akashuka, akavua viatu, akavuta. Mara ya tatu ikawaka.