Bisibisi ya Kukorogea Chai

Pale gereji hakuna aliyemwita kwa jina lake. Aliitwa Sikio, na jina hilo alilitafuta mwenyewe. Gari likiletwa linakohoa, mafundi wengine walifungua boneti wakaanza kugusagusa. Yeye alichomoa bisibisi ndefu mfuko wa nyuma, akakita ncha yake kwenye injini, akaegemeza sikio kwenye mpini na kufumba macho. Kisha alitaja ugonjwa. Mara nyingi alipatia, na akikosea alisema gari limedanganya.

Mtu wa namna hiyo hawezi kupenda kompyuta. Magari yalipoanza kuja na kontroli boksi, lile sanduku dogo linaloamua injini inywe mafuta kiasi gani na plagi zichome wakati gani, Sikio aliyasema vibaya mbele ya wenyewe. Siku moja, mkewe akiwa amesimama palepale na chupa ya chai aliyowaletea, akala kiapo mbele ya wenzake: "Siku nikitia kompyuta kwenye gari langu, bisibisi hii mpeni mke wangu akorogee chai."

Gereji nzima ikacheka. Mkewe, mwenye kibanda cha kuchapa na kutoa nakala mtaa wa pili, hakucheka wala hakununa. Alimalizia kumimina, akarudi kazini.

Mungu si Athumani, gari la Sikio ndilo lililomtia aibu. Lilikuwa gari la zamani, la heshima, mpaka alipoing'oa injini yake na kupachika nyingine kubwa mara mbili. Hakutosheka, akaongeza tabo. Kabureta kongwe ikazidiwa: tabo ikianza kusukuma hewa, yenyewe inamwaga mafuta ovyo, na gari linazima. Lilizima mahali palepale kila mara, kwenye kilima cha kuelekea gereji, ambapo wenzake walimwona vizuri. Walishuka kumsukuma. Nyundo, fundi wa bodi, alisukuma huku akiuliza leo sikio linasemaje. Sikio aliumia sana. Daktari ambaye mgonjwa wake mwenyewe haponi, nani atampelekea wa kwake?

Basi akanunua boksi kwa siri. Kumbe boksi lenyewe huja halijui kitu, hufundishwa kwa kompyuta nyingine, na kompyuta aliyokuwa na njia ya kuipata ilikuwa kibandani kwa mkewe. Ikabidi amwambie.

"Na kile kiapo?" mkewe akauliza.

"Nani atajua?"

"Haya," akasema mkewe, kwa upole ambao mume mwenye akili angeuogopa.

Wakafanya kazi uani, geti limefungwa. Sikio akavuta nyaya, akafunga sensa, akalificha boksi chini ya kiti cha abiria. Kisha akaanza ujanja wake. Kabureta aliitoa, lakini bakuli la kichujio cha hewa akalirudisha juu lilipokuwa. Distribyuta, ile iliyokuwa ikigawa moto kwa plagi, haikuwa na kazi tena. Akaiacha mahali pake na nyaya zake nene, ijapokuwa hazikushika chochote. Koili mpya, ambazo sasa ndizo zilizotoa moto, akazifunika. Ukifungua boneti, unaona injini ya babu zetu.

Walipoiwasha, ikazunguka tu bila kushika. Sikio akatoa bisibisi, akasikiliza, akatangaza kuwa betri ni mbovu. Mkewe akamwambia betri haina kosa. Kioo cha kompyuta kinaonyesha injini imesimama, na yeye anaiona inazunguka, kwa hiyo sensa ya krenki, ile inayohesabu mizunguko ya injini, ndiyo haisemi kitu cha maana. Nyaya zake mbili alizifunga vipi? Akajibu alizifunga inavyotakiwa. Mkewe akamtazama. Sikio akaenda kuzigeuza. Injini ikashika.

Ikabaki kulifundisha boksi, na hilo hufanyika barabarani. Kila jioni wakatoka, Sikio kwenye usukani, mkewe pembeni na kompyuta ndani ya kikapu. Mtaa ukaona mume na mke wanapanda na kushuka kilima, mke kainamisha uso, anasikika akisema, "Taratibu... sasa ongeza... hapohapo, usiachie." Mtaa ukakata shauri kwamba mapenzi yao yamechipua upya. Dada yake Sikio alipomuuliza wifi yake siri ni nini, aliambiwa siri ni kusikilizana.

Gari likapona. Likapanda kilima likinguruma kwa raha, likaingia gereji bila kusukumwa. Wenzake wakamzunguka. Amelifanyaje? Hapo Sikio angesema amesafisha kabureta, mambo yakaisha. Lakini mdomo uliponza kichwa. Akafungua boneti injini ikiwa inawaka, akakita bisibisi, akafumba macho.

"Ni sikio tu," akasema. Akashika distribyuta, ile isiyokuwa na kazi, akaigeuza kidogo. "Mmesikia ilivyotulia?"

Wakasema wamesikia. Fundi wa breki alisema imetulia kweli. Fundi wa matairi alisema yeye aliisikia hata kabla haijageuzwa vizuri. Mkewe, aliyekuwa bado ndani ya gari na kikapu chake, akauma mdomo asicheke.

Nyundo peke yake hakusikia. Miaka ya kugonga mabati ilikuwa imeyaua masikio yake nusu, na alichukia kupitwa. Akainama atazame kilichobadilika. Akagusa waya mmoja mnene, ukamjia mkononi. Akagusa wa pili, nao ukaja. Akafyatua kifuniko cha distribyuta chote, akakiinua juu wenzake wakione. Ndani hamkuwa na kitu, na injini iliendelea kunguruma kama kawaida.

Hakuna aliyemcheka Sikio, maana wote isipokuwa Nyundo walikuwa wamesema wamesikia. Sikio alihisi jina lake likimtoka mwilini. Akatamani gari lizime kama zamani, wamsukume, mambo yaishe.

Mkewe akashuka. Akatoa chupa ya chai kwenye kikapu, juu ya kompyuta iliyokuwa bado inawaka, akamimina kikombe, akatia sukari, kisha akanyoosha mkono kwa mumewe.

Sikio akampa bisibisi.

Mkewe akaifuta kwa ncha ya mtandio, akakoroga taratibu, akaonja. Kisha akamrudishia mumewe, ncha ikiwa juu, chai ikichuruzika hadi mpinini.

"Shika," akasema. "Plagi ya tatu asubuhi inalia vibaya, na kompyuta haioni. Hebu nisikilizie."

Sikio akainama kusikiliza, na mpini ukamnatanata sikioni kwa sukari.