Mabao Matatu ya Kaimu

Mdogo wangu wanamwita Kaimu, na jina hilo amelipata kwa jasho. Katika miaka tisa aliyokuwa kocha msaidizi wa klabu yetu, amekaimu ukocha mkuu mara tano, na kila mara amerudishwa kwenye koni na mipira yake kabla hajajua swichi ya taa ya ofisini iko wapi. Mimi ni dada yake. Ninafua jezi za klabu hiyohiyo, na chumba changu cha kufulia kimepakana ukuta kwa ukuta na chumba cha kubadilishia nguo. Kwa hiyo habari za timu hii mtu asinisimulie.

Makocha waliopita hapo siwezi kuwamaliza. Mmoja alikuja na mpwa wake, akamchezesha winga. Mwingine alikataza wachezaji kuoga maji ya moto baada ya kufungwa, kana kwamba maji ndiyo yaliyokosa penalti. Kila aliyekuja alifumua timu ya mwenzake akaanza kushona ya kwake, na kabla hajafika kwenye mikono akafungashiwa virago. Mwenyekiti naye kila safari alisema mashabiki wamechoka kusubiri. Kusubiri nini, wakati hakuna kitu kilichowahi kuachwa kikae?

Ndipo akaja Mzee. Timu ilikuwa imeponea chupuchupu kushuka daraja, na wachezaji hata kusalimiana walikuwa hawasalimiani. Akamwambia mwenyekiti mbele yetu sote, "Nipe misimu mitatu. Wa kwanza tutafungwa sana. Wa pili tutafungwa kidogo. Wa tatu njoo unidai." Mwenyekiti akampa mkono, akacheka vizuri. Mzee akawaaga wakongwe saba, nafasi zao akazijaza vijana wa timu B. Jezi ndogo kabisa nilizokuwa nazo ziliwapwaya.

Kaimu alimpenda mtu yule. Kwa mara ya kwanza nilimsikia mdogo wangu akizungumzia mwakani. Jumapili akija kula kwangu, alipanga vijiko na vikombe mezani kunionyesha beki wa kushoto atakuwa anapanda vipi. "Mwakani, dada," ananiambia, chakula kinapoa. "Yote haya ni kazi ya Mzee. Wampe muda tu."

Muda hawakumpa. Mwezi wake wa kumi tulifungwa mechi nne mfululizo, tatu kati ya hizo dakika za mwisho, kwa makosa ya kitoto. Magazeti yakaandika kwamba Mzee amekalia kuti kavu. Jumatano mwenyekiti akaja uwanjani, akasema Mzee atapumzika mechi moja, tutazame hali. Filimbi akapewa Kaimu, kwa mara ya sita.

Mchana ule alinikuta naanika bukta.

"Nawachezesha walewale kumi na moja," akasema. "Mpango uleule wa Mzee, sibadilishi hata mpiga kona. Tukishinda, wataona wenyewe kwamba alikuwa sahihi."

"Na mkifungwa?"

"Hatufungwi."

Nikamwambia hilo ni wazo zuri. Na mimi nilikuwa mjinga, sijiondoi.

Tulishinda tatu bila. Wale watoto walicheza kama walivyofundishwa, pasi moja ikimwita mwenzake, na beki wa kushoto alipanda kama kile kijiko cha mezani kwangu. Bao la tatu lilitokana na kona. Nilitoka nje na mapovu mikononi, nikapiga vigelegele hadi koo likakauka.

Jumatatu kamati ikakaa. Nilikuwa nimeambiwa nipeleke orodha ya jezi zilizochanika, nikasimama nayo mlangoni nikingoja kuitwa. Mwenyekiti alikuwa anaongea kwa raha zake. "Vijana ni walewale. Mpango, msaidizi mwenyewe anasema, ni uleule. Kilichobadilika ni mtu mmoja. Sasa tatizo lilikuwa nani?" Wajumbe wakacheka. Kisha akamgeukia mdogo wangu. "Safari hii hukaimu. Kiti ni chako moja kwa moja."

Maneno ya kusema yalikuwa machache: mlichokiona Jumamosi ni kazi ya yule bwana ya miezi kumi, mrudisheni. Aliyajua. Alikuwa ameniambia mimi, mfua nguo, Jumapili baada ya Jumapili. Niliuona mdomo wake ukifunguka, kisha ukafungwa, kisha ukafunguka tena.

"Asante, mwenyekiti," akasema. "Sitawaangusha."

Tulipokuwa peke yetu nilimuuliza kwa nini. Akajibu, "Dada, miaka tisa," basi. Nilimwambia maneno ambayo siyarudii hapa. Lakini suti ya kwenda kutambulishwa nayo kwa waandishi, nani aliipiga pasi? Mimi.

Vijana walibaki kuwa vijana. Walishinda mechi moja, wakatoka sare mbili, wakafungwa tatu. Kaimu akaomba asubiriwe, kwa maneno yaleyale aliyokuwa akiyasema Mzee, na mwenyekiti akampa mkono, akacheka vilevile. Wiki ya nane wakampumzisha mechi moja, tutazame hali. Timu akapewa kocha wa makipa.

Jumamosi hiyo Kaimu jukwaani hakuweza kukaa, na nyumbani hakuweza. Akaja chumbani kwangu, akakaa juu ya kapu la soksi chafu. Nilizima mashine tukasikiliza uwanja. Kwenye dakika ya ishirini hivi palilipuka kelele, na kelele ile siikosei, ni bao letu. Kaimu akafumba macho na kuuma meno.

"Ulitaka wafungwe," nikamwambia.

"Ndiyo."

Alikaa muda mrefu anageuza simu mkononi, halafu akampigia Mzee. Hawakuwa wamezungumza tangu siku ile ya kamati. Mzee alipokea haraka, na sauti yake ilikuwa kubwa, nikasikia kila kitu.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, mwanangu. Hujambo?"

"Sijambo. Mzee, ile Jumamosi waliyokupumzisha, ulikuwa wapi?"

"Nyumbani, na redio."

"Ulituombea tufungwe?"

"Tufungwe?" Mzee akacheka kidogo. "Wale si vijana wetu? Mke wangu alinifokea kwa kelele nilizopiga. La tatu ndilo lililoniliza, maana ile kona tumeifanyia mazoezi mimi na wewe wiki sita. Nikasema, haya, sasa wameona. Jumatatu mwanangu huyu atawaeleza, watuache tufanye kazi. Mbona unauliza leo?"

Kaimu alinitazama mimi, akingoja nimjibie. Nje uwanja ukalipuka mara ya pili.