Jina la Juu kwenye Mashine

Wiki nzima nilishinda kwenye banda la gemu, Kasulu. Nikifungwa mpira wa kwenye skrini, nahamia barazani kucheza karata na mama mwenye banda.

"Mshairi, karata hazipangwi kwa vina. Tupa!" alinitania.

Mashine ilikuwa ya mwanawe, marehemu. Tangu msiba alikuwa hajamtaja jina. Humwita "mwenye mashine", nasi tukafuata.

Ijumaa nikashinda mechi tano mfululizo, nikataka kuhifadhi timu yangu. Mashine ikakataa: nafasi imejaa. Kila timu ilihifadhiwa kwa jina la mchezaji. La juu kabisa sikulijua, na halikuwa limechezewa siku nyingi. Nikalifuta.

Mama alipokuja kuzima mashine, kidole chake kilishuka kwenye orodha, kikapanda, kikashuka tena.

"Nani amefuta?"

"Mimi, mama. Sikujua ni la nani."

Sote tuliona kumnyamazia marehemu ni heshima, na heshima hiyo ndiyo iliyoniacha nimfute bila kumjua.

Mama akakaa sakafuni, akaiegemea meza.

"Ungejuaje, mwanangu, mwana wanje? Sikuwahi kukuambia." "Anaitwa Yeremia."