Maharage Yanayolazwa Mapema

Mke wangu alifariki Januari, na jambo la kwanza nililofanya baada ya kumzika ni kula mbegu zake. Nalisema mapema kwa sababu ndugu zangu wakilisimulia huongeza, "Maskini, alikuwa amechanganyikiwa." Sikuwa nimechanganyikiwa. Nilikuwa na wageni.

Matanga yalikuwa nyumbani kwetu Black Rock, hapa Buffalo, Marekani, na theluji ilikuwa imefika kwenye madirisha. Watu walikuja hivyo hivyo. Kaka yangu alitoka Columbus na familia yake, mdogo wa mke wangu alitoka Louisville, na kanisa letu la Warundi na Wakongo likajaa sebuleni mpaka kwenye ngazi. Siku ya tatu maharage yakaisha. Akina mama wa jikoni wakanifuata. Nikashuka kwenye chumba cha chini, alikokuwa akiweka friza na vitu vyake vya bustani, nikakuta chupa ya soda ya lita mbili imejaa maharage yaliyochanganywa na majivu. Nikapanda nayo.

Mama mmoja akaichungulia. "Baba, hizi si mbegu?"

"Ni chakula," nikasema. "Pikeni."

Mtu yeyote aliyekulia kwenye kambi ya wakimbizi Kigoma anajua maharage yenye majivu ni mbegu. Majivu yanazuia wadudu. Nami nilikulia huko, kwa hiyo nilijua. Ila siku ile nilitaka watu wapate kula, halafu nisiulizwe kitu kingine. Wakayaosha, wakayapika na vitunguu na mawese. Yalikuwa matamu. Nilikula sahani mbili. Shemeji wa Louisville naye alikula mbili, kisha akakwangua sufuria.

Mwezi wa pili, watu wote wakiwa wamekwisha rudi kwao, niliiokota ile chupa niitupe. Kitu kikacheza ndani. Kwenye majivu yaliyogandia chini kulikuwa na maharage tisa.

Lazima nieleze maharage hayo ni nini. Ni meupe, yana doa jekundu upande mmoja kama mtu aliyeguswa na kidole chenye rangi. Mama mkwe alikimbia nayo kutoka Burundi, akayapanda kambini miaka yote, na kila mmoja wa mabinti wake wawili alipoolewa alipewa yake. Ya shemeji yalipotea safarini kuja Marekani. Ya mke wangu yalifika ndani ya soksi. Kwa hiyo hayo tisa ndiyo yaliyobaki, hapa na kokote.

Machi shemeji akapiga simu. "Shemeji, binti yangu anaolewa Desemba. Bwana harusi ni wa Columbus, harusi itakuwa huko huko kwa kaka yako. Nataka nimpe mbegu za nyumbani. Za dada zipo?"

"Zipo," nikasema. Sikudanganya. Zilikuwepo tisa.

"Nyingi?"

"Shemeji, mtandao unakatika."

Hapo nilidanganya.

Sikuwahi kulima bustani ile. Kazi yangu ilikuwa kubeba udongo, kubeba maji, na kutoa maoni. Nyumba nzima ilikwenda kwa majira yake yeye: Oktoba plastiki ya kuzuia baridi kwenye madirisha, Aprili miche kwenye makopo ya mtindi, Agosti kuchemsha na kugandisha. Friza aliiacha imejaa mifuko ya mboga za lengalenga na matembele, kila mmoja umebandikwa mwezi wake kwa mwandiko wake. Nilipika mfuko mmoja kila Jumapili. Nilipofika kwenye wa mwisho nikauweka juu ya meza, nikashindwa kuufungua. Ukayeyuka wenyewe, maji yakatiririka mpaka kwenye kiti. Ilibidi niupike. Ulikosa chumvi, lakini kosa hilo lilikuwa langu.

Wiki ya Pasaka jua likawaka siku tatu, kisha mvua ikanyesha. Kwetu mvua ikinyesha huulizi kitu, unachukua jembe. Nikapanda maharage matatu, nikarudi ndani kwa furaha nikampigia shemeji simu ya video nimwonyeshe udongo.

"Umepanda?" akauliza. "Huko Buffalo? Mwezi wa nne?"

"Mvua imenyesha."

"Shemeji, umepanda ndani ya friji. Hata mimi huku Louisville bado."

Kesho yake asubuhi bustani ilikuwa nyeupe. Nilisimama dirishani na kikombe cha chai nikiitazama theluji inavyoyaangukia yale matatu bila hasira yoyote. Baadaye nilipofukua, yalikuwa uji.

Sita yakabaki. Hayo niliyaweka mfukoni mwa shati la kanisani, nikawa nayapapasa wakati wa mahubiri. Juni, jirani yangu alipopanda nyanya zake, nami nikapanda. Jirani ni mzee wa Kizungu aliyestaafu kiwandani, mtu asiye na maneno mengi, nami hufuata kalenda yake kuliko ya redio. Mawili niliyachimbia karibu na uzio, manne karibu na ngazi. Yakaota matano.

Na yalivyoota! Mwezi wa saba yalikuwa yamefika juu ya miti niliyoyachomekea, yakavuka, yakashika kamba ya kuanikia nguo. Siku moja nilikuta soksi yangu imefungwa na mharage. Watu wa kanisani walipita kuyatazama. Nilijivuna, kusema kweli. Nilianza kuwaeleza wenzangu kwenye ghala ninakofanya kazi jinsi ya kulima.

Tatizo ni kwamba hayakuwa na hata ua moja. Agosti ikaingia, nyanya za jirani zikaiva, mimi nina majani. Jirani akaegemea uzio. "Hiyo ni nini?" akauliza.

"Maharage."

Akayatazama sana. "Yapo wapi?"

Nikampigia shemeji. Safari hii nilijua itabidi niseme yote, kwa hiyo nilikaa kwanza.

"Majani yamejaa," nikamwambia, "maua hakuna."

"Umepanda mangapi?"

"Yameota matano."

"Matano? Na mengine ya dada?"

"Tulikula."

"Nani alikula?"

"Sisi. Kwenye matanga. Yale maharage ya siku ya tatu, shemeji. Uliyoongeza sahani."

Nikasikia redio ya jikoni kwake. Kisha akasema taratibu, "Na nikakwangua sufuria."

"Na ukakwangua sufuria."

Alianza kucheka, halafu kicheko kikageuka, halafu kikarudi tena kuwa kicheko. Mimi nilishika simu tu. Alipomaliza kupenga kamasi akaniuliza, "Hivi dada alikuwa anayapanda wapi?"

"Kwenye ndoo."

"Na jioni ndoo zilikuwa wapi?"

Nikakumbuka. Kila kiangazi, saa kumi na moja jioni, jua likiwa bado kali, mke wangu alibeba zile ndoo moja moja akazishusha kwenye chumba cha chini, na alfajiri akazipandisha. Nilidhani anaogopa wezi. Kambini watu walikuibia hata maharage mabichi, kwa hiyo niliona ni tabia iliyomganda. Nilimtania miaka mingi. "Unawalaza watoto?" nilimwambia. "Umewapa uji?" Naye alinijibu, "Wenye akili wamelala, wewe baki nje." Wala hakunieleza. Huenda alinieleza, sikusikiliza.

"Yanataka usiku," shemeji akasema. "Kwetu mchana na usiku vinalingana mwaka mzima. Hapo kwenu kiangazi saa tatu usiku bado kuna mwanga. Mharage unangoja giza ndipo utoe ua. Dada aliligundua hilo mwaka wenu wa kwanza, aliponipigia akilia kwamba hayazai. Sasa yalaze."

"Yako ardhini. Siwezi kuyabeba."

"Basi yafunike. Desemba haingoji."

Kesho yake nilitoka kazini saa nane mchana, nikala, nikangoja. Saa kumi na moja nikachukua mablanketi mazito ya baridi, yale meusi na ya kahawia, nikayatandika juu ya miti mpaka bustani ikafanana na watu watano wanaojificha mvua. Jirani alikuwa anamwagilia nyanya. Akafunga maji.

"Unafanya nini?"

"Nayalaza," nikasema. Kiingereza changu ni kifupi, hakikuwa na njia nyingine.

Akatazama jua, akatazama mablanketi. "Mapema hivi?"

"Kesho yana shule."

Ndiyo mara ya kwanza nilimsikia yule mzee akicheka. Tangu siku hiyo, nikichelewa dakika kumi, alikuwa anagonga uzio kwa mpini wa jembe. Na mimi nilipokuwa nafunika, nilikuwa nikizungumza kidogo. Sitaandika nilichosema. Alfajiri, kabla ya kwenda ghalani, nilifunua.

Katikati ya Septemba likatoka ua la kwanza, la zambarau hafifu. Likafuatwa na mengine, kisha maganda. Nikayahesabu kila siku kama mtu mwenye wazimu. Oktoba maganda yalikuwa yamejaa lakini bado mabichi, na redio ikatangaza baridi ya kugandisha. Safari hii hata jirani hakuwa na ushauri. Shemeji akasema, "Yang'oe na mizizi, uyaning'inize ndani, kichwa chini. Yatajimalizia yenyewe. Huenda."

"Huenda?"

"Mimi si Mungu, shemeji."

Nikayang'oa, nikayaning'iniza kwenye fimbo ya pazia sebuleni, juu ya pale hewa ya moto inapotokea. Wakati yananing'inia niliweka plastiki kwenye madirisha, peke yangu kwa mara ya kwanza, nikiipasha moto ijivute kwa mashine ya kukaushia nywele ya mke wangu. Ilikunjika kila mahali. Mchungaji alipokuja kunitembelea alikaa chini ya maharage, akaomba amefumba jicho moja. Majani makavu yakamwangukia mabegani, akaendelea kuomba.

Mwisho wa Novemba nilimenya. Maganda mengine yalikuwa na mbegu zilizosinyaa, hizo niliziweka kando. Nzuri zilikuwa thelathini na nne, nyeupe, zenye doa. Lakini macho yanaweza kudanganya. Mbegu iliyong'olewa mbichi yaweza kupendeza nje na ndani iwe laini, ikaoza kabla ya kuota. Sikuwa na hakika, na sikuthubutu kujaribu hata moja.

Desemba nikaendesha mpaka Columbus. Kwa kaka kulikuwa kumechafuka kwa furaha: masufuria varandani, wasichana wanasukana, watoto wanagombana kwa Kiingereza. Shemeji alikuwa jikoni, amejifunga kitenge kifuani. Hakunisalimia. Alinyoosha kiganja.

Nikamimina mbegu zote humo. Akazisogeza kwa kidole, moja moja, akipita kwenye madoa. Bibi harusi, kichwa nusu kimesukwa nusu kimetimka, akaja akasimama nyuma ya mama yake.

"Ni zenyewe," shemeji akasema. "Lakini zimekomaa?"

"Sijui," nikamwambia. "Sitaki nikudanganye."

Akachukua moja, kabla sijamshika mkono akaitia kwenye meno ya nyuma akaing'ata. Mbegu ikalia “kwa!” kama jiwe. Akaitoa, akaigeuza kwenye mwanga wa dirisha, akamwonyesha binti yake: hapakuwa na alama ya jino.

"Imekauka," akasema. "Itaota."

Nikaitazama ile iliyopakwa mate.

"Shemeji," nikasema, "hiyo iko salama? Maana hujui nimezihesabu mara ngapi."

"Chukua," akasema, akaifuta kwa kitenge na kuniwekea mkononi. "Hii ni yako. Ukaipande, na uilaze mapema."