Fundi wa Meko

Si kweli kwamba fundi wa meko alimfuata kimapenzi yule mjane wa Kombewa, kama majirani wanavyodai. Alikuja mara tatu, mchana, mlango ukiwa wazi, kwa sababu moshi ulikuwa ukimbana kifua mama mkwe wa mjane, na kuni zilikuwa zimepanda bei. Aliukanda udongo kwa vidole gumba, akipima mdomo wa jiko kwa sufuria ya nyumba hiyo. Siku ya kuwasha, kuni mbili tu ziliivisha maharagwe. Fundi hakuutazama moto. Alichutama karibu na bibi kizee, akiisikiliza pumzi yake.

“Mama, leo hujakohoa.”

“Nikohoe ndiyo ufurahi?”

Fundi alicheka, kisha akasema polepole, “Marehemu mama yangu sikuwahi kumjengea.” Akatoka na machozi, majirani wakamwona. Mjane akiulizwa hujibu, “Alijenga jiko. Sina la kuongeza.”