Shavu Juu ya Kitako

Ni nani aliyeamua kwamba sehemu ya bunduki inayoegemezwa begani iitwe kitako? Nimejiuliza swali hili kwa miaka, na hadi leo sijui kwa nini Waswahili wa kale, waliokuwa na viungo vyote vya mwili vya kuchagua, walichagua hicho.

Nina shahada ya historia, na riziki yangu hapa Guangzhou, China, ni kuwatafsiria wafanyabiashara wa Kiafrika wa mtaa wa Xiaobei. Pembeni ya kazi hiyo nilikuwa nimeandika, kwa miaka sita, kitabu kuhusu bunduki za zamani, ingawa maishani sijawahi kushika hata moja. Sura niliyoipenda kuliko zote ilieleza jinsi majeshi yalivyozitoa ghalani bunduki zilizobaki baada ya vita, zile ambazo askari huvuta komeo kwa mkono kila anapotaka kufyatua, yakazigeuza kuwa silaha za wadunguaji: mtutu mpya mzito, mbao za mbele zikapunguzwa, darubini ikafungwa juu. Mhariri wangu wa Nairobi hakuridhika. Aliniandikia: "Msomee mtu asiyejua bunduki. Akielewa, sura ibaki. Asipoelewa, naitoa. Nijibu kesho asubuhi."

Bila sura ile, kitabu changu kilikuwa orodha ya vyuma.

Mchana huo, mkahawani, nikawasomea wenzangu wawili wa mezani: mama wa Lubumbashi anayenunua viatu kule kwenye masoko ya Liuhua, na bwana wa Mombasa anayesafirisha vigae. Walisikiliza kwa adabu hadi nilipofika hapa: "Kwa kuwa darubini imeliinua jicho, mafundi walimwezesha askari kulaza shavu lake juu ya kitako."

Mama akaweka kijiko chini. "Juu ya kitako ya nani, Profesa?"

"Cha bunduki, mama," akajibu bwana wa Mombasa.

"Bunduki iko na matako?"

"Staha, mama! Watu wanakula."

"Mimi ndiye nimeandika? Ni Profesa analaza watu shavu pale!"

Nakiri nilikasirika, kisha nikaogopa. Nikajaribu "sehemu ya nyuma", mama akacheka hadi akafuta machozi. Bwana akapendekeza "mkia", mama akauliza kama askari huyo anafuata ng'ombe.

Maneno yaliponiishia nikachukua mwavuli. Nikafunga chupa ya pilipili juu yake iwe darubini, karibu na mpini, kwa utepe wa kufungia katoni, kitu kisichokosekana mfukoni mwa mtu wa Xiaobei, nikamwegemeza mama mpini begani.

"Laza shavu. Unaona chupa?"

"Sioni. Iko juu."

"Inua kichwa."

Akainua. Shavu likabaki hewani, mwavuli ukayumba, ncha yake ikamwelekea laoban, mwenye mkahawa, ambaye alipiga kelele "Bu xing! Bu xing!", yaani haiwezekani, akainama nyuma ya sufuria ya wali. Mama hakumjali. Alinyakua chapati ya bwana wa Mombasa, akaikunja mara nne, akaiweka juu ya mpini na kuilalia.

"Aa! Sasa jicho inafika! Inabidi kitu ya kuinua shavu!"

"Chapati yangu," akasema bwana wa Mombasa.

"Ndivyo walivyofanya mafundi," nikamwambia mama. "Waliongeza kipande cha mti."

"Na huyo mti umeandika wapi?"

Nikatazama karatasi. Sikuwa nimeuandika. Miaka sita, na kipande chenyewe nilikuwa nimekisahau.

"Basi anza na shavu inayumba," akasema mama, "kisha leta mti. Kitako uiache. Watu watacheka, na hawatasahau."

"Kiondoe," akasihi bwana. "Kitabu kitasomwa na watu wazima wenye heshima zao."

Asubuhi iliyofuata, saa tatu, Nairobi ikiwa bado gizani, niliiandika upya aya ile: shavu likayumba kwanza, mti ukafuata, na kitako nikakiacha mahali pake. Kisha nikamtumia mhariri.